Mtu wa makala na nyota zake mbili

Barabara ya Kasenga huamka kabla ya Lubumbashi yenyewe. Alfajiri ya Agosti, jiji likiwa bado limejikunyata kwa baridi ya kiangazi, wanaume wa baiskeli huwa njiani tangu usiku wa manane, kila mmoja akisukuma magunia matatu au manne ya makala yaliyofungwa kwa kamba za mpira. Msomaji wa Dar es Salaam asidhani wanasukuma magazeti. Huku kwetu makala ni mkaa, na hiki unachosoma nacho ni makala. Vyote viwili vinachafua mikono.

Juma la pili la Agosti 2025 nilimsimamisha mmoja wao ninunue gunia kabla bei haijapanda sokoni. Tulipokuwa tunabishana juu ya franga, akaelekeza kidevu upande wa mashariki.

"Papa, zile nyota mbili unaziona? Juma lililopita zilikuwaka mbali. Sasa kila asubuhi zinakaribiana. Zitagongana?"

Zilikuwa sayari mbili, Zuhura na Mshtarii. Jumanne ya tarehe 12 Agosti zilisogeleana hadi zikatenganishwa na pengo lisilofika digrii moja: ukinyoosha mkono, kidole kidogo kinazifunika zote mbili. Nikamweleza kwamba hazitagongana kamwe, kwamba Mshtarii wakati ule ilikuwa mbali nasi zaidi ya mara nne kuliko Zuhura, na kwamba zilionekana jirani kwa sababu tu sisi tulikuwa tumesimama mahali ambapo moja inaelekea kuipita nyingine, kama vile bomba refu la moshi la Gécamines, kampuni yetu ya madini, linavyoonekana limeegemea mlima wa takataka za shaba ukilitazama kutoka upande fulani wa mji. Akasikiliza kwa adabu. Kisha akasema, "Ile yenye kuwaka sana ndiyo inashuka. Ile nyingine inapanda."

Hapo ndipo niliposahau bei ya makala, kwa sababu alikuwa amesema kweli tupu. Siku zile Zuhura ilikuwa inarudi kuelekea jua, kila alfajiri ikichomoza chini kidogo kuliko jana yake. Mshtarii, iliyopita nyuma ya jua mwezi Juni, ilikuwa inajitoa na kupanda. Mtu huyu aliligundua jambo hilo peke yake, bila darubini wala simu yenye ramani ya nyota, kwa kulinganisha anga la leo na la jana na la juzi huku akisukuma baiskeli gizani. Elimu ya falaki ilianza hivyo hivyo kwa kila taifa lililowahi kuwa nayo. Babeli walichomzidi mtu wa makala ni kibao cha udongo cha kuandikia.

Ndiyo maana kila ninaposikia mjadala wa "Kongo na anga za juu", ambao kwa kawaida huanza na setilaiti ya taifa na kuishia na roketi, huwa naona tunahesabu kutoka mwisho. Watazamaji tunao, na wengine wanapita mbele ya milango yetu kila alfajiri. Tulichokosa ni mahali pa kupeleka walichokiona.

Chukua usiku wa Jumapili, tarehe 7 Septemba 2025. Mwezi ulipatwa wote, na safari hii sisi hatukuwa pembezoni mwa tukio. Wazungu wa Ulaya magharibi waliuona ukichomoza tayari umeliwa, na Waamerika hawakuuona kabisa. Sisi tulipewa kila kitu tangu mwanzo: mwezi mpevu ukachomoza mzima upande wa mashariki, saa 18:27 kivuli cha dunia kikaanza kuung'ata, saa 19:30 ukamezwa wote, na ukabaki hivyo dakika 82, hadi 20:52. (Hizo ni saa za Lubumbashi. Dar wao waliumezewa saa mbili na nusu.)

Nilikuwa Katuba kwa shemeji yangu. Umeme ulikuwa umekatika, kwa hiyo watu walikuwa nje wamekaa kwenye viti vya plastiki, na hakuna aliyehitaji kutangaziwa. Mtaa mzima ukanyamaza kwanza, kisha ukaanza kusema kwa pamoja. Jirani mmoja aliyetoka ibadani mchana ule alinukuu nabii Yoeli, jua kugeuzwa giza na mwezi kuwa damu. Vijana walikuwa wanapokea sauti za WhatsApp kutoka Kolwezi na Likasi, kila mmoja na tafsiri yake. Mama mmoja alikataza mjukuu wake mjamzito asitazame. Sikucheka, watu wanaojaribu kukifasiri wanachokiona wamenizidi mimi niliyekuwa nimejua tarehe miezi sita kabla na nikadhani kujua tarehe kunatosha.

Nilichowaambia ni hiki. Dunia ikikaa katikati ya jua na mwezi, kivuli chake kinapaswa kuufuta mwezi kabisa. Haufutiki kwa sababu dunia imezungukwa na hewa, na hewa hupindisha mwanga wa jua ukaingia ndani ya kivuli. Njiani rangi ya buluu hutawanyika, nyekundu ndiyo hupenya. Kwa hiyo wekundu ule ni machweo na mapambazuko yote ya dunia yaliyokuwa yanatokea saa ile, ya pwani ya Atlantiki na ya bahari ya mashariki, yamekusanywa na kumwagwa juu ya mwezi mmoja. Jirani wa Yoeli akasema hilo nalo ni zuri, ila halifuti andiko. Tukaachana kwa amani.

Jambo ambalo sikuwaambia, na ninajuta, ndilo lenye uzito zaidi. Tangu mwaka 1921 kuna kipimo cha wekundu huo kilichotungwa na Mfaransa André Danjon. Hakihitaji chombo chochote. Unatazama kwa macho yako katikati ya kupatwa na kutoa namba: 0 kama mwezi umekaribia kupotea, 1 kama ni kijivu au kahawia, 2 kama ni mwekundu wa kutu, 3 kama ni wa tofali, 4 kama unang'aa rangi ya chungwa. Namba hizo zikikusanywa kutoka nchi nyingi husema hewa ya dunia nzima ilikuwa na vumbi kiasi gani. Baada ya volkano ya Pinatubo kulipuka huko Ufilipino mwezi Juni 1991, kupatwa kwa Desemba 1992 kulikuwa kweusi kiasi kwamba waliotazama walihangaika kuuona mwezi ulipo. Macho ya watu wa kawaida yaliona majivu yaliyokuwa juu ya mawingu.

Usiku ule wa Katuba mimi niliandika 2, kisha nikaweka alama ya kuuliza, maana Septemba kwetu ni mwezi wa kuchoma nyika, na moshi wa porini ulikuwa umelala chini upande wa mashariki. Je, wekundu ule ulikuwa wa kivuli cha dunia, au wa moshi wa Kasenga? Mtu mmoja hawezi kujua. Lakini tungekuwa na watu ishirini, mmoja Kipushi, mmoja Pweto, mmoja Kamina, mmoja Goma ambako moshi ni wa volkano ya Nyiragongo, jibu lingepatikana usiku uleule kabla ya chakula. Mamilioni tuliutazama mwezi huo katika mashariki yote ya nchi, na sidhani kama zilibaki namba ishirini kwenye karatasi.

Pengo hilo la karatasi ndilo uvumi hupitia.

Tarehe 1 Julai 2025, darubini moja ya mfumo wa ATLAS iliyoko Chile iliona kidoa kinachosogea. Mfumo huo una darubini kadhaa duniani, mojawapo iko Sutherland nchini Afrika Kusini, na kazi yake ni kutafuta mawe yanayoweza kuja kuigonga dunia. Kidoa kile kikapewa jina 3I/ATLAS: kitu cha tatu kujulikana kutoka nje ya familia ya jua letu, baada ya ʻOumuamua ya 2017 na Borisov ya 2019. Kufikia Oktoba, kwenye simu za Lubumbashi kilikuwa tayari ni chombo cha viumbe kutoka sayari nyingine, serikali za dunia zinatuficha, na mtume mmoja au wawili walikuwa na ujumbe juu yake. Kwa haki, uvumi huu haukuzaliwa kwetu. Profesa wa Harvard, Avi Loeb, ndiye aliyekuwa anauliza hadharani kama huenda ni chombo kilichotengenezwa, na swali la profesa likifika WhatsApp huwa limeshakuwa jibu.

Waliofuatilia njia yake walikuwa na habari tofauti. Ni kometi, nyota yenye mkia: barafu na vumbi vinavyofuka karibu na jua, huku darubini ya James Webb ikikuta humo hewa ya ukaa kwa wingi. Ilifika karibu zaidi na jua mwishoni mwa Oktoba, na karibu zaidi nasi tarehe 19 Desemba, ikiwa umbali wa kilomita milioni 270 hivi. Jua letu liko kilomita milioni 150. Yaani hata siku ya kutukaribia ilikuwa mbali kuliko jua.

Lakini walijuaje inatoka nje? Watu wengi hawaelezwi hapa, wanaambiwa tu waamini. Fikiria mzunguko wa barabara mjini. Gari linaloingia kwa mwendo wa kawaida hukamatwa na mzunguko, linazunguka. Lori linalotoka mpakani Kasumbalesa bila breki halizunguki, linapinda kidogo tu na kupita moja kwa moja. 3I/ATLAS iliingia ikiwa na mwendo wa kilomita karibu 58 kwa sekunde hata kabla jua halijaanza kuivuta kwa nguvu, na njia yake imenyooka mno kuwa ya kitu kilichozaliwa hapa. Mtu wa makala angelielewa hili kwa dakika moja, kwa sababu yeye tayari anajua kuuliza: kinashuka au kinapanda, na kwa haraka gani?

Na mgeni huyo wa pili, kometi ya Borisov, hakugunduliwa na taasisi kubwa. Aligunduliwa tarehe 30 Agosti 2019 na Gennadiy Borisov huko Krimea, mtazamaji wa ridhaa, kwa darubini ya kipenyo cha sentimita 65 aliyoitengeneza mwenyewe. Najua, sentimita 65 si kitu cha kuchongwa na fundi wa Kamalondo. Basi twende kwa aliye karibu. Jack Bennett wa Pretoria alikuwa anatafuta kometi kwa jicho kwenye darubini ndogo, usiku baada ya usiku. Mwezi Julai 1968 akaona nyota isiyokuwapo jana katika galaksi ya M83 (galaksi ni kundi kubwa mno la nyota), ikawa nyota inayolipuka, supanova. Mwishoni mwa Desemba 1969 akapata kometi inayobeba jina lake, na mwaka uliofuata ikang'aa hadi ikaonekana bila chombo. Alifanya hayo kutoka uwani.

Ninayempenda zaidi ni mchungaji. Robert Evans wa Australia alihubiri Jumapili na kutazama galaksi usiku mwingine. Alikariri sura za galaksi nyingi mno kichwani, hivyo nukta moja ikiongezeka aliiona papo hapo, kama vile mama wa soko la Kenya hapa Lubumbashi anavyojua nyanya moja imehamishwa kwenye fungu lake. Kwa njia hiyo, kwa jicho lake mwenyewe, aligundua supanova 42. Jiji letu lina wachungaji kuliko lilivyo na mabomba ya maji. Mmoja tu akimfuata Evans ningeenda kanisani kwake, hata lile la spika nne.

Sasa nije kwenye roketi, maana nikiziacha nitaambiwa nimezikimbia.

Wazee wa Katanga wanaokumbuka enzi za jina la Shaba wanaijua OTRAG. Ilikuwa kampuni ya Ujerumani Magharibi iliyoanzishwa na mhandisi Lutz Kayser, ikitaka kurusha setilaiti kwa bei ya chini. Katikati ya miaka ya 1970 Mobutu aliikodisha ardhi ya kilomita za mraba 100,000 kaskazini mwa Shaba, hadi mwaka 2000. Rwanda na Burundi zikiunganishwa hazifiki hata kilomita za mraba 60,000. Ndani ya eneo hilo kampuni ilipewa madaraka ambayo mkoloni mwenyewe angeyatamani. Uwanja wa kurushia ulikuwa juu ya uwanda ulioinuka mashariki mwa Manono, bonde la mto Luvua likiwa chini yake. Mwenyekiti wa bodi alikuwa Kurt Debus, aliyewahi kuongoza kituo cha Kennedy cha Marekani, ambako Apollo za kwenda Mwezini zilirukia.

Roketi yenyewe ilikuwa na akili nzuri, tusinyimane haki. Badala ya injini moja ya gharama, Kayser alifunga pamoja mirija myepesi inayofanana, kila mmoja na mafuta ya taa na asidi ya naitriki, ukitaka nguvu zaidi unaongeza mirija. Vali zilifunguliwa na mota za waipa za magari. Fundi yeyote wa gereji wa hapa angeitazama akasema, hii naiweza.

Ya kwanza ilipaa tarehe 17 Mei 1977. Ya pili tarehe 20 Mei 1978, na hapo naomba msomaji asimame kidogo. Tarehe 13 Mei, Kolwezi ilikuwa imevamiwa. Tarehe 19, askari wa miavuli wa Ufaransa walikuwa wanaangukia juu yake. Kesho yake, katika mkoa uleule, watu walikuwa wanarusha roketi kuelekea anga za juu. Ya tatu, tarehe 5 Juni, Mobutu alikwenda kuishuhudia mwenyewe, na ikashindwa mbele ya macho yake. Wasovieti walikuwa wanapiga kelele kwamba ni makombora ya Wajerumani yaliyojificha Afrika, majirani nao walilalamika, na mwaka 1979 mkataba ukavunjwa. Kampuni ikahamia Libya.

Nikiisoma habari hiyo, roketi iliyoanguka hainisumbui. Roketi huanguka. Kinachonisumbua ni kwamba miaka ile yote juu ya uwanda ule haikuacha hata darasa moja la falaki Manono. Vijana wa pale waliona moto ukipanda, wakaona moto ukishuka, na wageni wakafungasha. Leo Manono inajulikana kwa lithiamu, na wageni wengine wamefika. (Sitaandika juu ya kobalti iliyo kwenye betri za vyombo vya anga. Kila makala ya Mkongomani kuhusu teknolojia huishia kwenye kobalti, na mimi nimeamua hii isiishie huko.)

Baadaye alikuja wa kwetu. Jean-Patrice Keka na roketi zake za Troposphère, karibu na Kinshasa. Mwaka 2009 ya tano ilibeba panya, ikaacha njia mara tu ilipoondoka. Picha zake zilichekwa duniani kote. Mimi ninamheshimu Keka kuliko ninavyomheshimu Kayser, kwa kuwa yeye alikosea mbele ya wanafunzi wa nyumbani. Hata hivyo naye alianzia juu: nchi isiyo na klabu za kutazama nyota ilirukia moja kwa moja kwenye hatua ya panya.

Kuna mwingine aliyechekwa kabla yake, na huyu ni jirani. Mwaka 1964 Zambia ikipata uhuru, mwalimu na mpigania uhuru Edward Makuka Nkoloso alitangaza kuwa ana mpango wa kuwafikisha Wazambia Mwezini. Aliwabingirisha vijana ndani ya pipa la mafuta wazoee kukosa uzito, akaomba fedha UNESCO, hakupewa. Miongo mingi amekuwa kichekesho. Lakini angalia leo. Zambia ni mojawapo ya nchi nane za Afrika zilizo washirika wa Afrika Kusini katika SKA, mradi wa darubini ya redio unaokua kutoka kwenye visahani 64 vya MeerKAT kule Karoo. Orodha hiyo ina Botswana, Ghana, Kenya, Madagaska, Morisi, Msumbiji, Namibia na Zambia. Sisi hatumo. Kutoka forodha ya Kasumbalesa mpaka nchi iliyomo ni mwendo wa miguu, na ushirika huo haukuomba roketi hata moja. Uliomba watu wa kusomeshwa.

Dunia nayo haitusubiri. India ilitua karibu na ncha ya kusini ya Mwezi tarehe 23 Agosti 2023. China mwezi Juni 2024 ilileta udongo wa upande wa Mwezi ambao hatuuoni kamwe kutoka hapa, karibu kilo mbili. Wamarekani wanajiandaa kurudisha watu kutua kule. Umoja wa Afrika ulizindua makao ya wakala wake wa anga za juu Cairo, Aprili 2025. Habari hizi nazifuata kwa furaha, lakini nazifuata kama mechi ya ligi ya nje: napiga kelele mbele ya runinga, na uwanjani sina mtu.

Turudi kwenye anga letu, kwa kuwa hapo hatuna haja ya kuomba nafasi. Lubumbashi iko digrii kumi na moja na nusu hivi kusini mwa ikweta, juu ya uwanda wa zaidi ya mita 1,200. Maana yake tunaona karibu nyota zote za dunia: Msalaba wa Kusini upo, Mawingu ya Magellan yapo, na Dubu Mkubwa wa watu wa kaskazini naye huonekana akiwa kichwa chini mwezi Aprili na Mei. Katikati ya Agosti, saa mbili usiku, moyo wa galaksi yetu huwa digrii 73 juu ya upeo, karibu utosini. Mtu wa Brussels huuona moyo huo huo ukijiburuta digrii kumi tu juu ya mapaa, kama anauona. Wabelgiji walichukua mengi huku; hilo lilikuwa zito kwa meli.

Na kiangazi chetu, Mei hadi Septemba, hutoa miezi mfululizo ya usiku bila mawingu, jambo ambalo watu wa Goma, wenye mvua yao na moshi wa Nyiragongo, wangelinunua kwa fedha. Mapema ndiyo bora zaidi, kabla moto wa nyika haujalipaka anga rangi ya chai.

Kuhusu giza lenyewe nitakuwa mwangalifu. Kuna washairi wa mtandaoni wanaosifu giza la Afrika kana kwamba tumelichagua. Umeme unapokatika kwangu naiona Njia Nyeupe, ule ukanda wa nyota za galaksi yetu, kutoka mlangoni, ni kweli, na usiku huohuo kuna mahali mama anajifungua kwa mwanga wa simu. Sitaki giza la aina hiyo hata lingenipa nyota elfu zaidi. Umeme ukija wote, hatua chache nje ya mji kuelekea Kipopo zitatosha, ili mradi taa za mgodini zielekezwe chini zinakohitajika, na hilo ni suala la kofia ya bati juu ya taa.

Starlink, wale wa intaneti ya setilaiti, nao wameingia rasmi nchini, leseni ilitolewa Mei 2025, na ile misururu ya taa inayopita kama shanga baada ya machweo imeshaleta maswali mengi vijiweni. Zaidi ya setilaiti elfu saba za kampuni moja zinazunguka juu yetu, na wanafalaki wanalalamika kwamba zinachora mistari kwenye picha zao. Mimi nagawanyika. Mwalimu wa Kasenga akipata intaneti kwa njia hiyo, siwezi kumwambia azime.

Rafiki yangu mmoja, anayefundisha hesabu, aliponisikia nazungumza haya alinikata: mshahara haujafika, wanafunzi wanakaa chini, wewe unaleta nyota? Swali lake ni halali, nami nilimjibu kwa gharama. Jumeli, ile darubini ya macho mawili inayouzwa mjini mitumba, huonyesha miezi minne ya Mshtarii ambayo Galileo aliiona mwaka 1610. Wanafunzi thelathini wakiitazama kwa zamu na kuchora nukta nne kwenye daftari kwa majuma mawili, watapata wenyewe kwamba ile ya ndani huzunguka kwa chini ya siku mbili. Hilo ni somo la hesabu lenye swali ambalo jibu lake halipo nyuma ya kitabu. Na kipimo cha Danjon nilichokieleza hakigharimu hata hiyo jumeli. Akanyamaza, kisha akauliza kama muhula wa tatu unafaa. Unafaa kuliko yote: Mei na Juni shule ziko wazi, na mawingu yamekwenda.

Wakulima wa Kibantu walishakuwa na mtaala huu. Neno kilimia, lile fungu dogo la nyota zilizosongamana, linatokana na kulima. Wazulu nao huziita nyota zilezile isiLimela, na watu wa pwani wana msemo kwamba kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua. Huku Katanga hutoweka magharibi mwezi Mei mvua ikiwa imekwisha, na ukifika Novemba huchomoza jioni wakati watu wanapanda mahindi. Niliwauliza wanafunzi kadhaa wa chuo wanionyeshe kilimia. Walitoa simu.

Mtu wa makala sijaonana naye mara nyingi tangu Agosti ile, maana hupita anapopita. Mara ya mwisho nilimpa daftari la shule la kurasa 48 na kalamu iliyofungwa kwa uzi. Alilitazama kwa mashaka, akaniuliza aandike nini. Nikamwambia tarehe, saa, na alichokiona kimeshuka au kimepanda. Nikamwambia pia kwamba alfajiri ya Ijumaa, 28 Agosti 2026, kuanzia saa 04:34 mwezi utaanza kuliwa tena, sehemu kubwa sana ila si wote, na utazama upande wa magharibi ukiwa bado umeliwa, jua likichomoza nyuma yake. Wengi wetu tutakuwa tumelala.

"Saa hiyo mi nitakuwa nimeshapita mto," akasema. "Lakini nitakuwa naelekea huko huko unakozama. Nitauona." Akalifunga daftari ndani ya nailoni, akalisukuma chini ya kamba ya gunia la juu kabisa, na akaniomba nimlipe lile gunia la mwezi uliopita.